Dawa Nimeisimamisha Mpaka Damu Iseme

Shikamoo Mama Athanasie,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa hapa Kagarama, wilaya ya Kicukiro, kwetu ni Bukoba ila nimeolewa Kigali huu mwaka wa sita, na kipindi chako cha saa tano sikikosi hata Jumanne moja, ofisini tulikuwa tunapunguza kelele wewe ukianza kusoma barua na wakati mwingine tulicheka matatizo ya watu, Mungu anisamehe, sikujua kwamba siku moja mimi ndiye nitaandika na wenzangu ndio watasikiliza. Naomba unishike mkono mama yangu, nimeishiwa nguvu.

Mtoto wangu wa pili ana siku kumi na tisa na hana jina.

Alipozaliwa, mkunga alimwinua kama wanavyofanya, akafungua mdomo aseme, akaufunga, akamwita mwenzake, wakaangalia wote wawili, nami nimelala pale nauliza ni nini, ni mvulana au msichana, hakuna anayenijibu, mpaka nikafikiri amekufa, kisha nikamsikia analia. Mama, sehemu zake za siri hazisemi. Ukimtazama hivi unaona ni msichana, ukimtazama tena unasema hapana, huyu ni mvulana. Madaktari wakaja, wakasema tusiharakishe, watoto wa namna hii wapo, wakampiga picha ya tumbo, wakatoa damu, wakasema kuna tezi zilizo juu ya figo ambazo kwake hazifanyi kazi yake sawasawa, wakaanza kumpa vidonge vya kusaga asubuhi, mchana na jioni pamoja na maji ya chumvi kidogo kwenye bomba la sindano, walieleza mambo mengi lakini mimi akili ilikuwa imebaki kwa yule mkunga aliyefunga mdomo. Mume wangu Théoneste alikuwa kwenye korido. Alipoletewa fomu ya kuandikisha mtoto, ile inayouliza jinsia, aliwaambia waache pale patupu, akarudi akakaa kwenye benchi akiwa ameshika kofia yake.

Siku ya nane ndiyo siku ya kumpa mtoto jina kwa desturi ya kina Théoneste, watoto wa jirani wanaitwa, wanapewa chakula kile cha ubunnyano, na kila mtoto anataja jina analotaka yeye, kisha baba anataja la kwake. Kwa Gaju, binti yetu wa kwanza, ilikuwa furaha mpaka majirani walikaa nje. Safari hii siku ya nane ilitukuta hospitali, tukamwambia mama mkwe mtoto ana manjano. Tulipotoka Jumanne iliyopita tukamkuta yuko nyumbani ametangulia, Mama Daphrose, amekuja na maharage na vijembe vidogo vya watoto kulimia siku ya jina, amesafisha nyumba, amesema sherehe ni Jumapili hii inayokuja hata mvua inyeshe. Kila asubuhi anagonga mlango wa chumbani. Yeye alikulia Bujumbura, Kiswahili chake ni kile cha huko, ananiambia mimi mke wa mwanawe, "Mukazana wangu, leta mtoto nimwogeshe, hii mikono yangu iko na mazoezi, ilishaogesha saba." Nasema amelala. Nasema kitovu hakijadondoka. Nasema daktari amekataza. Jana akaniambia kupitia mlangoni, sauti ya chini kabisa, "Nimekukosea nini?" Nilikaa kitandani nikalia huku nimeziba mdomo na kanga. Namwogesha mtoto mwenyewe, mlango nimeufunga kwa ufunguo, nguo zake nafua mwenyewe, hata Gaju hajawahi kumwona ndugu yake bila nguo, naye ana miaka minne na kila siku ananiuliza, "Mama, mtoto wetu anaitwa nani?"

Théoneste hanigombezi, ingekuwa afadhali anigombeze. Anaondoka mapema, anakula huko mtaa wa Sonatubes, anarudi anaosha uso analala. Siku moja tu alisema, "Kwetu hakuna kitu kama hiki, waulize kwenu Bukoba." Nikampigia dada yangu Eustadia nikamuuliza, akaniambia njoo na mtoto, utakaa kwangu, watu watasahau. Mama Athanasie, nani anasahau jambo kama hili.

Sasa nikueleze kinachonipa pumzi kidogo. Pale hospitali alikuja daktari kijana wa utafiti, Daktari Ntare, mpole, alikaa chini kwenye kiti tofauti na wengine wanaosimama. Akasema kwenye damu kuna vipande vidogo mno vinaitwa maikroRNA, ndivyo vinavyosimamia vinasaba gani vifanye kazi na vipi vitulie, na wao wanachunguza kama siku moja vinaweza kusaidia kuwaelewa watoto waliozaliwa kama wangu, kwa damu tu. Nilimshika mkono. Nilimwambia toa hiyo damu hata sasa. Nilitia sahihi, na fomu niliisoma yote maana karatasi ndiyo kazi yangu, niko ofisi ya kutoa mizigo ya malori forodhani. Iliandikwa chupa ya kwanza ya damu itatolewa kabla ya dawa na ya pili baada ya mwezi akiwa kwenye dawa; ya kwanza wakaitoa siku hiyohiyo, vidonge vikiwa havijaanza. Chini kabisa kulikuwa na maneno kwamba majibu hayatarudishwa kwa mzazi mmoja mmoja, lakini hayo nilijua ni maneno ya wanasheria, hata fomu zetu za mizigo zina maneno kama hayo na mzigo mwishowe unatoka. Nikamwambia Théoneste, damu itasema. Naye akaitikia, ndiyo neno pekee tulilokubaliana tangu mtoto azaliwe: tusimwonyeshe mtu yeyote mpaka damu iseme.

Ijumaa muuguzi akanipigia. Chupa ya kwanza imeganda, haifai, nije naye Alhamisi watoe nyingine. Nilikata simu nikafikiri, mbona chupa ya kwanza ni ya kabla ya dawa, na mtoto wangu sasa ana dawa mwilini ya wiki nzima? Ofisini kwetu lakiri ya kontena ikikatwa njiani kabla ya ukaguzi, hata kama ndani hakijaguswa kitu, mzigo wote unatiliwa shaka, hakuna anayeamini tena karatasi yako. Na tena nikawa na hofu nyingine ambayo sijamwambia mtu, kwamba hizo dawa labda ndizo zinamsukuma mtoto upande mmoja kabla damu haijasema ni upande gani. Basi Jumamosi asubuhi dawa nimeisimamisha, na chumvi pia, ili Alhamisi damu iwe safi kama alivyozaliwa nayo. Théoneste nilimweleza, akasema wewe ndiye unayejua mambo ya karatasi.

Mtoto mwenyewe hasumbui. Tangu Jumapili analala sana, hata kunyonya mpaka nimwamshe, akinyonya anatapika, lakini halii kama mwanzo, nami nashukuru maana akilia mama mkwe anakuja mlangoni. Hospitali wamepiga jana mara tatu, nikaacha simu iite, nahofia wataniuliza habari za dawa.

Kuna jambo moja zaidi na nikishaliandika nazima simu. Jumapili wa nyumbani wakiwa misani nilipiga magoti chumbani nikamwambia Mungu, kama huyu mtoto ni wa kufichwa maisha yake yote, amchukue sasa kabla sijamzoea. Nikajuta papo hapo. Lakini nilishasema.

Swali langu ni hili. Nimwambie nini mama mkwe kuhusu Jumapili? Nikimpa jina la msichana, damu ikaja kusema mvulana, nitamtazama nani usoni? Au nichukue basi la Bukoba na mtoto baada ya Alhamisi, nisirudi tena? Usinipigie tafadhali, simu nitaizima mpaka Alhamisi, ila redio ninayo chumbani, nitaweka sauti ndogo nisikilize. Nisaidie mama.

Mama wa Kagarama


Jibu la Mama Athanasie

Mama wa Kagarama, salamu tutapeana baadaye. Inuka. Mchukue mtoto umfunge vizuri apate joto, chukua dawa zake na karatasi zake zote, mwende hospitali sasa hivi, hii saa tano. Usingoje Alhamisi, wala Théoneste arudi, wala kipindi kiishe. Piga 912 waje na gari la wagonjwa, au simamisha gari lolote lililo karibu. Ukifika mlangoni usijieleze maisha yako. Sema hivi: mtoto ana siku kumi na tisa, ana ugonjwa wa tezi za juu ya figo, ameachishwa dawa tangu Jumamosi, anatapika, haamki kunyonya. Watajua la kufanya.

Bado umekaa. Nakujua. Unataka nikueleze kwanza. Haya, vaa viatu huku unasikiliza.

Mimi nilikuwa mkunga miaka ishirini na sita kabla ya kuingia humu studioni. Barua yako imenifikia kwa simu saa nne na nusu, ukurasa baada ya ukurasa wa aibu, na mama mkwe, na jina, na jirani, halafu katikati umeweka mistari miwili kwamba mtoto analala sana, anatapika, na unashukuru halii. Yoo, mama! Mtoto wa wiki tatu asiyelia si wa kushukuriwa. Nimeisoma mistari hiyo miwili nikasimama. Nimekupigia mara tano kabla ya kipindi, simu umeizima kama ulivyosema. Ndiyo maana barua za wenzako wengine leo zinasubiri, na wenyewe watanisamehe.

Dawa ile haina habari na uvulana wala usichana. Haimsukumi popote. Mwili wa mwanao haujui kutunza chumvi, na dawa inafanya kazi ambayo tezi zake zimeshindwa. Ukiikata, chumvi inamtoka, maji yanamtoka, sukari inashuka, naye analegea kimyakimya hivyo unavyomwona. Hata damu ya Alhamisi isingekuwa ya kabla ya dawa kwa kumnyima siku tano, ingekuwa damu ya mtoto anayekufa. Ungemuuliza muuguzi yule sentensi moja tu Ijumaa, "Je, niendelee na dawa?", angekujibu endelea, nami leo ningekuwa nasoma barua ya mtu aliyegombana na shemeji yake. Kuuliza si ujinga. Wewe uliogopa kuuliza kwa sababu ungeuliza kwa sauti, na mama mkwe yuko mlangoni.

Na sasa neno litakalokuuma. Umeliandika mwenyewe: majibu hayatarudishwa kwa mzazi mmoja mmoja. Hayo si maneno ya wanasheria, mama. Maana yake ndiyo hiyohiyo uliyoisoma. Daktari Ntare alikuambia wanachunguza kama siku moja, na wewe ukasikia Alhamisi. Hivyo vipande vya kwenye damu bado wanajifunza kuvisoma. Wanakusanya chupa za watoto wengi ili watoto wa kesho wasaidike, na ni kazi njema, usiichukie. Lakini hakuna bahasha inayokuja na jina la mwanao. Alhamisi hakuna, mwezi ujao hakuna. Umemnyima mtoto dawa ukingoja mjumbe ambaye hakutumwa. Pole. Nasema pole na bado nakugombeza, yote mawili.

Mtoto si kontena. Hana lakiri ya kukatwa.

Majibu ya kweli ya mwanao yanatoka kwa wale madaktari waliompiga picha na kupima homoni zake, wale waliokuambia tusiharakishe. Hao ndio wa kukaa nao wewe na mumeo, wote wawili, si mmoja ndani na mwingine kwenye benchi ameshika kofia. Wewe Théoneste, au jina lako lolote, maana majina haya tumeyabadilisha: hakuna cha kwenu wala cha Bukoba. Mimi nimekulia Buyenzi, Bujumbura, nimezalisha Warundi, Wanyarwanda, Wakongo na Wahaya, na kila kabila niliwaona watoto wa namna hii, na kila kabila walisema kwetu hakuna. Walikuwepo. Walikuwa wanafichwa, na wengi wao walikufa wiki ya tatu, watu wakasema ni kuhara, ni jicho baya. Nami wa kwanza kabisa niliyempokea nilifanya kama mkunga wako, nilifungua mdomo nikaufunga. Mama yake akaenda naye nyumbani na aibu niliyompa mimi kwa kunyamaza kwangu. Walimrudisha siku ya ishirini na moja, amefunikwa uso. Sijawahi kulisema hili redioni. Leo nalisema ili uinuke.

Lile ombi lako la Jumapili, liache. Mungu anajua mtu akisema akiwa amechoka. Mimi sikuhukumu kwa hilo, na usijihukumu. Nakuhukumu kwa simu uliyoacha ikaita mara tatu.

Kuhusu jina, ambalo ndilo uliloniulizia. Kinyarwanda hakikukuwekea mtego huo uliojiwekea. Darasani kwetu tulikuwa na Ingabire wawili, mmoja mvulana, mmoja msichana, na mwalimu hakuwahi kuchanganyikiwa. Lipo jina litakalomfaa mwanao madaktari wakisema hivi au wakisema vile, na mama mkwe wako anayajua mengi kuliko mimi na wewe. Mwambie yeye. Umwambie ndani ya gari mkiwa njiani: huyu mjukuu wako kazaliwa hivi, ni mgonjwa, nilimficha kwa hofu. Mwanamke aliyeogesha watoto saba akakuuliza kwa sauti ya chini amekukosea nini hatakimbia. Na akikimbia, utakuwa umeshafika hospitali. Basi la Bukoba lisahau, barabara ni ndefu na huyo mtoto hana siku ya kupoteza njiani.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku zote husemwa kumtisha mgonjwa mwenyewe, lakini wa kwako hajaficha kitu. Yeye amelala tu.

Sasa nasema na mwingine. Sitaji jina la mtu, sitaji nyumba, siri ya barua naitunza. Lakini wewe bibi yeyote uliye Kicukiro asubuhi hii, uliyenyimwa kumwogesha mjukuu wako wa wiki tatu, na unasikia redio kwa sauti ndogo nyuma ya mlango uliofungwa: gonga. Usiulize umekosea nini, hujakosea. Gonga, na usipofunguliwa ita majirani wausukume. Mikono yako ina mazoezi, leo ndiyo siku yake.

Fundi wangu hapa ananionyesha saa, matangazo yanangoja. Yaendelee kungoja. Mama, nimeweka simu yangu mezani mbele ya maikrofoni, na kila dakika mbili nakupigia, wasikilizaji wanamsikia wenyewe yule mwanamke wa kwenye mtambo akisema namba haipatikani. Sikuulizi tena jina la mtoto, wala ni nani, wala damu imesema nini. Nataka kusikia kitu kimoja tu, mlango wa gari ukifungwa.

Washa simu.